Mzalishaji wa Ashru

Ashru maana yake chozi. Jina hilo baba yangu, Dhondiba Thopte, alimpa mtoto wa farasi siku aliyofukuzwa kazi kwa ajili yake. Nalitanguliza jina la baba kwa makusudi, kwa sababu habari yote hii ni ya jina hilo.

Baba alikuwa saisi. Alitunza farasi wa bwana mkubwa, Sarkar Ranojirao, nje ya Pune, miaka thelathini na mmoja. Ashru alipozaliwa, baba aliona chini ya jicho lake nywele zimejizungusha kama zile za kisogoni mwa mtoto mchanga. Kwetu alama ile inaitwa chozi, na kila mtu wa farasi anajua kwamba nyumba anamozaliwa mnyama wa namna hiyo itafiwa kabla mwaka haujaisha. Baba alikwisha kumpenda. Akachukua wembe akazinyoa zile nywele. Mtu mzima na akili zake, kana kwamba nywele hazioti tena.

Baada ya wiki tatu zikarudi, zimezunguka vilevile. Sarkar akamchapa baba mjeledi mbele ya masaisi wote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama na ndoo ya maji, na sikuiweka chini. Mpaka leo naona haya ya ile ndoo.

Mjeledi haukumtosha. Akamwita karani wake.

"Andika kwamba mama yake huyu nilimpa Dhondiba mwezi mmoja kabla hajazaa. Mkosi umezaliwa mikononi mwake, si kwangu. Msiba uende kwao."

Karani akaandika, Sarkar akatia sahihi, na karatasi ikapelekwa kwenye daftari kuu la farasi. Hivyo ndivyo baba yangu, ambaye hakuwa na hata punda, alivyoandikwa kuwa mzalishaji wa farasi wa mbio, maana mzalishaji ni mwenye jike siku ya kuzaa.

Tulifukuzwa siku ileile, tukatoka na farasi jike na mtoto wake, tukipigwa na mvua njia nzima. Aliyetupokea ni Mehroobai, mwalimu wa farasi pale Pune, mama wa Kiparsi mwenye ulimi wa pilipili. Alimtazama Ashru miguu, akamtazama kifua, akasema, "Chozi lenu sijui. Ila huyu atakimbia." Akamnunua, na mimi nikawa saisi wake.

Baba hakumwona akikimbia. Mapafu yalimmaliza mwaka wa pili. Watu wakanong'ona kwamba chozi limechelewa, lakini limefanya kazi yake. Nami nikaapa kwamba Sarkar atalisikia jina la baba mahali ambapo hawezi kuziba masikio. Mahali hapo nilipajua: kwenye Dabi ya Bombay, mbio kubwa kuliko zote, kombe moja hupewa mwenye farasi, na la pili mzalishaji.

Mbio zake za kwanza Ashru alishinda kwenye tope la Agosti, akamwacha wa pili nyuma kwa urefu wa farasi wanne. Za pili akashinda, za tatu akashinda. Za nne alikohoa akawa wa tano, nikakesha naye siku mbili bila kula. Kisha akashinda tatu mfululizo, na kila mara farasi wa Sarkar alikuwa nyuma yake akila udongo. Nilifurahi furaha mbaya, sitaki kudanganya.

Wiki moja kabla ya Dabi, Sarkar mwenyewe akaja bandani asubuhi, na karatasi mkononi.

"Wewe ni mtoto wa Dhondiba," akasema. "Baba yako alikuwa mtu wangu kabisa."

"Mgongo wake ulijua hivyo, Sarkar."

Akajifanya hajasikia. "Kulikuwa na kosa dogo la maandishi. Mrithi wake ni wewe, weka dole gumba hapa tulisahihishe. Ukitaka kuwa mkuu wa masaisi wangu, kazi ipo, na nyumba mliyokuwa mkikaa ipo."

"Na mkosi je? Nao tuurudishe kwako?"

"Yale mambo ya wazee, kijana wangu. Nani anayaamini siku hizi?"

Ningemtemea mate. Badala yake nikasema, "Dume lako Senapati naye anakimbia. Akimshinda Ashru, nitaweka dole gumba. Ashru akishinda, jina linabaki lilipo." Akaikunja karatasi yake, akakubali.

Mehroobai alipopata habari alinitukana mpaka jino lake la bandia likalegea. "Mjinga wewe! Jina la baba yako unalichezea kamari?" Nikachukua brashi nikarudi kwa Ashru, maana alisema kweli.

Siku ya Dabi jua lilikuwa kali na uwanja mkavu, na Ashru hupenda tope. Alitoka vibaya. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa saba, Senapati wa kwanza, na mimi nimeshika uzio nikijiona tayari nimechovya dole gumba kwenye wino. Kisha mpanda farasi wetu, Tanaji, akamtoa nje ya kundi, akamwachia hatamu. Niliita "Baba" kimoyomoyo, basi. Ashru na Senapati wakapita mstari pamoja, tukasubiri picha ya waamuzi muda ambao mtu angeweza kuzeeka. Ashru alikuwa ametangulia kwa pua.

Mehroobai akapokea kombe lake. Kisha mtangazaji akasema, "Mzalishaji wa mshindi," na Sarkar, kule juu kwenye viti vya wakubwa, akainuka kwa mazoea akifunga kifungo cha koti.

"Dhondiba Thopte."

Watu wakaangaliana. Sarkar akabaki amesimama. Nikapanda jukwaani na viatu vyangu vya bandani, nikalichukua kombe, nikamwambia mtangazaji, "Rudia jina, bwana. Kuna mzee kule juu hajasikia."

Akarudia. Sarkar akaanza kushuka ngazi, uso umemwiva.

"Tena," nikasema.

"Ndugu yangu, nimelitaja mara mbili. Inatosha."

"Baba yangu alichapwa mara kumi na moja," nikamwambia. "Bado tisa."