Duka ni Duka

Simu ya stoo ilikuwa inanipandisha presha, nasema ukweli. Nimekaa zangu napanga makopo ya mafuta ya breki, mara kriii! Nainua. "Stoo." Naye upande wa pili, "Duka hapa. Bushi za mbele zipo?" Nafungua kompyuta, natazama, namjibu, nakata. Sijakaa sawasawa, kriii! "Na fenbelti je?" Jamani, mtu huyu hawezi kuuliza vyote kwa mpigo mmoja?

Mtu huyu ni kaka yangu, kanitangulia kuzaliwa. Baba alituachia biashara ya vipuri vya magari. Yeye akashika duka mjini, mimi nikashika stoo huku pembeni, kwenye uzio wenye geti la bati. Alikuwa ananiita Stoo, na mimi namwita Duka. Kwake sikanyagi, kwangu hakanyagi. Mama alipofariki, kaka alimpa jirani cherehani ya mama kabla mimi sijafika msibani, bila hata kuniuliza. Kwenye cherehani ile ndiko nilikojifunzia kushona. Niliapa sitaongea naye tena, ila mzigo lazima uuzwe, kwa hiyo tukabaki kuongea habari za bushi.

Lakini hakuna anayeweza kuongea bushi tupu miaka nenda, miaka rudi. Ataulizia breki, kisha atasema, "Huko mvua imenyesha?" Mimi nitamwambia paka wa stoo kazaa ndani ya boksi la pampu, naye atataka kujua wangapi. Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza kama lile geti letu. Nikamwambia, "Duka, sauti yako ina kutu. Nenda hospitali."

"Nitakwenda."

Kesho yake, "Umekwenda?"

"Wiki ijayo."

"Mbishi wewe!" Anacheka, anaulizia plagi. Kila siku namwandama hivyo hivyo, na kila siku ananipiga chenga.

Orodha nzima ya stoo iko kwenye programu moja ya zamani ndani ya kompyuta yangu. Niliitengeneza mwenyewe, safu kwa safu, na hakuna mwingine aliyeweza kuiona. Ndiyo maana Duka alilazimika kupiga simu. Basi nikamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kitambi na utani mwingi, nikamwambia nataka duka lijionee stoo lenyewe, mimi nipumzike.

"Rahisi," akasema. "Dukani watafungua ukurasa kwenye kompyuta yao. Ukurasa unakaa kwenye seva, kompyuta nyingine huko mbali. Seva itakuja kuchungulia faili lako hapa na kurudisha jibu. Kazi yangu ni kuwakutanisha seva na faili."

"Yaani wewe ni mshenga."

"Hasa! Na mshenga halipwi kwa mkopo."

Ushenga wenyewe ulikuwa na kazi. Seva inabisha hodi, faili halifunguki.

"Limefungwa," fundi akasema.

"Nani kalifunga?"

"Wewe. Umelifungua toka asubuhi."

"Ebo! Nimelifungua ndiyo nimelifunga?"

"Ukilifungua kwa mtindo wako huo unalishika peke yako, mwingine haingii. Mchoyo wewe, dada."

Tukacheka. Akarekebisha ili wawili waweze kulifungua pamoja, akaipa seva ruhusa ya kuingia, akanikataza kuzima kompyuta hata nikifunga stoo. Mwisho akauliza, "Dukani wako wangapi? Nimfungulie kila mmoja jina lake la kuingilia, ili ujue nani kaagiza nini?"

"Ya nini kupoteza muda? Andika Duka. Duka ni duka."

Akaandika.

Jioni ile Duka alipiga. "Nasikia umeniwekea mashine," akasema. "Kwa hiyo hunitaki tena sikioni?"

"Niache nipumue, bwana!"

Alicheka, na kicheko chenyewe kikaishia kwenye mkwaruzo. "Haya, Stoo," akasema. "Pumua." Nilikata simu nikiwa nafurahi.

Nikapumua kweli. Maagizo yakaanza kuingia kimyakimya. Duka: bushi za mbele, nne. Duka: fenbelti, mbili. Nafunga mzigo, dereva anachukua, basi. Makopo nikayapanga yote bila kukatizwa, nikafagia hadi nyuma ya makabati. Halafu kazi ikaniishia mikononi, nikabaki naitazama simu.

Haikulia. Nikasema moyoni, huyu kanuna. Kisa nimemwambia aniache nipumue? Sawa, akinuna na mimi nanuna, na kwa kununa hanishindi. Mvua zikaanza. Paka akazaa tena, sikuwa na wa kumwambia.

Mwisho nilishindwa. Kwenye agizo kulikuwa na nafasi ya maelezo, watu huandika "haraka" au "mteja anasubiri". Nikaandika pale, U mzima huko? Nikakaa naikodolea macho kama mtu anayesubiri maji yachemke. Jibu likaja: Mzima kabisa, asante.

Moyo ukatulia. Nikafurahi, mjinga mimi. Kaka yangu hajawahi kuniambia asante tangu tuzaliwe, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Lakini jina lilikuwa pale mbele ya jibu, Duka, nikaamini jina.

Siku moja geti likakwaruza, akaingia wifi yangu, mke wa Duka. Huyu naye hajawahi kukanyaga stoo toka ule ugomvi. Viatu vimeloa, khanga imemshuka begani, hata salamu hakutoa vizuri.

"Wifi, umemsusa kaka yako hadi hospitalini?"

"Hospitali gani?"

"Amelazwa toka mvua zianze. Koo. Wamempasua."

"Acha uongo, wifi. Si ananiagizia kila siku? Na juzi kaniambia ni mzima kabisa!"

"Nani kakwambia?"

"Duka!"

Wifi akanitazama, kisha akaitazama kompyuta niliyokuwa nainyooshea kidole. "Dukani yuko yule binti wa kaunta," akasema taratibu. "Ndiye anayeandika."

Nikakaa chini, juu ya boksi. Binti wa watu kaulizwa kama ni mzima, kajibu ni mzima, na adabu kaongeza. Kosa lake lipi?

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Nilitaka kukupigia. Akasema, mwacheni Stoo apumue." Wifi akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Daktari anasema amechelewa kuja. Uvimbe wameutoa, ataishi. Ila sauti imekwenda nao. Hataongea tena, wifi. Na sisi tunaolala naye nyumba moja hatukuisikia ikiharibika, tuliizoea."

Mimi nilikuwa naisikia. Ni mimi niliyekuwa namsumbua kila siku aende, na siku moja lazima angechoka na makelele yangu, angekwenda. Halafu nikamlipa fundi aje kunifunga mdomo. Najuta, jamani. Ningejua, simu ile ningeiacha ilie hadi inipasue masikio.

Nilikwenda hospitali saa ile ile. Alikuwa ameegemea mito, bandeji shingoni, anapumulia tundu walilomtoboa kooni. Nilianza kulia, nikaanza kumgombeza, nikachanganya vyote viwili. Yeye akainua mkono, akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akauweka sikioni, ile ishara ya simu. Halafu akatikisa kichwa, akaushusha.

Fundi alirudi, akamfungulia kila mtu jina lake. Yule binti ana lake, Duka ana lake. Mambo yote sasa yanaeleweka, ila yamechelewa.

Wiki aliyorudi Duka kazini, nilikuwa napanga makopo nikasikia kriii! Nilijikwaa kwenye boksi la paka nikaikimbilia.

"Stoo," nikasema.

Nikasikia pumzi tu, nzito, inatoka kwenye lile tundu la shingoni, chini kuliko pumzi za watu wengine.

"Duka?"

Akagonga simu kwa kucha, mara moja.

Alikuwa na ile orodha mbele yake, safi, namba zote. Hakuwa na haja yoyote ya kupiga. Nikavuta kiti, nikafungua kompyuta, nikaanza kumsomea stoo nzima, kuanzia safu ya kwanza.