Nyumba Iliyosafishwa Beu

Vita vilikuwa bado vinaendelea mjini Beni mvua kubwa ilipojaza matope nyumba ya Séphora, kule mtaa wa Beu.

"Hapana kuingia miguu wazi," aliwaambia watoto wake. Yeye na mumewe Syauswa walivaa mabuti, wakasukuma kila ukuta kuona kama umelegea. Ndipo wakatoa matope kwa majembe, wakatupa godoro na unga uliolowa, wakasugua kila mahali kwa sabuni, kisha kwa javel, dawa ya kuua vijidudu. Milango waliiacha wazi mpaka nyumba ikakauka.

Siku ilipokauka alikuja kamanda wa jeshi aliyetafuta pa kukaa. Kwa jirani yao, mama Kasika, ambaye nyumba yake bado ilijaa matope yanayonuka, aliziba pua akageuka. Kwa Séphora aliingia, akagusa kuta, akafurahi.

"Hapa ni bien, pazuri. Mutoke leo."

"Afande, tuko na batoto," alisema Séphora.

"Mais batoto yenu banaweza kulala popote."

Syauswa alimshika mkewe mkono, wakatoka.

Mama Kasika aliwapokea. Alipochukua jembe ili awatolee matope mahali pa kulala, Séphora alimnyang'anya.

"Acha, mama. Ukisafisha, na hii nyumba bataichukua."

Akawatandikia watoto majani ya ndizi juu ya matope.