Gari la Kumlaza Élisabeth

Mtu mwenye afya yake halali chali nyuma ya gari mchana kweupe, watu wakimtazama. Siku ile Ruphin alilala. Alichukua godoro la nyumbani, akalitandika kwenye karoseri ya kamyoneti ya Germain, akajinyoosha, mikono juu ya tumbo, akamwambia Germain aondoe gari.

"Twende mpaka wapi?" Germain aliuliza kupitia dirisha.

"Vuka reli, shika njia ya Kamatanda. Pita kwenye mashimo yote. Usikwepe hata moja."

"Papa Ruphin, na mimi iko na kiuno!"

"Kiuno yako hainihusu leo."

Asubuhi ile Camille, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo la Élisabeth, mke wa Ruphin, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Tumbo lilikuwa gumu na limevimba. Camille alimtoa Ruphin nje. Hapa Likasi, alisema, hakuna tena dawa ya kulaza mtu usingizi, wala uzi wa kushona, na yule daktari aliyejua kupasua alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia na familia yake. Apelekwe Lubumbashi, jioni ya kesho isimkute bado njiani. Kisha akaongeza neno la pili: "Lakini musimutikise. Kule ndani kuna kintu inataka kupasuka."

Asichelewe, asitikiswe. Ruphin alirudi nyumbani na maneno hayo mawili, na njiani kote hayakutaka kukaa pamoja.

Mwenye shida, watu husema, hachagui. Ruphin alikuwa na shida, na bado alitakiwa kuchagua. Magari yaliyokuwa yakifika Lubumbashi yalikuwa yamepungua. Watu walikuwa wakiyala kipande kwa kipande, leo wanauza betri, kesho magurudumu. Katika mtaa wao zilibaki kamyoneti mbili. Moja ilikuwa Peugeot yenye turubai, ya Germain, aliyeimba na Ruphin katika kwaya ya kanisa. Nyingine ilikuwa Toyota ya Kazadi. Ndugu zake Kazadi walikuwa wamefukuzwa, wakapanda treni ya kwenda Kasai pamoja na Wakasai wengine wote waliofukuzwa Katanga. Yeye alibaki na gari lake, na watu walimsema kwa kubaki kama walivyowasema wenzake kwa kuondoka. Kanisa lilikuwa limechangia safari, na madereva wote wawili waliomba bei ileile.

Pale magari yaliposimama, kila mtu alikuwa na lake.

"Toyota haikufi. Unaiacha porini, unarudia mwaka ujao, inawaka."

"Inawaka, ndiyo, lakini inakuvunja mugongo. Peugeot ni kitanda."

"Kitanda ya kulala njiani!"

Wakacheka. Ruphin hakucheka. Ndipo akaenda kuchukua godoro.

Akiwa amelala hivyo hakuona kitu ila ukingo wa turubai na mbingu. Peugeot ilikwenda ikiyumba polepole, shimo moja linamsukuma huku, lingine linamrudisha. Kwenye reli ilizama, ikainuka, na kichwa chake hakikugonga mbao. Alifumba macho ajaribu kuwa Élisabeth. Aliweka vidole pale penye maumivu ya mkewe, akabonyeza, akangoja.

Pembeni mwa reli Mama Philomène, muuza vitumbua, aliona miguu miwili imenyooka karoserini. Akafungua kitambaa cha kichwa akapiga yowe. Wanaume wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli walisimama wakavua kofia. Ruphin aliinua kichwa.

"Mama, miye niko muzima!"

Yowe lilikatika katikati. Kisha Mama Philomène akachukua kitumbua kilichoungua na kumtupia.

"Pumbavu! Unacheza maiti? Ukilala hivyo ukiwa muzima, unamuonyesha kifo njia ya kwenu!"

"Ninajaribu gari, mama. Ni kwa ajili ya Élisabeth."

Yule mama alishusha mkono. Hakuomba radhi, lakini alifunga tena kitambaa chake polepole, akiangalia gari likienda.

Waliporudi, Germain alifungua boneti akamimina maji. Alikuwa amemimina pia kabla ya kuondoka. Ruphin aliona. Aliona mara zote mbili, akajiambia kwamba gari ni kama mtu, siku za joto lazima linywe.

Toyota ya Kazadi haikunywa kitu. Iliwaka mara moja, ikanguruma sawasawa, na mpaka njia ya Kamatanda na kurudi haikubadili sauti. Lakini Ruphin, nyuma yake, alirushwa kama mahindi juu ya ungo. Kazadi alikuwa ameongeza vyuma kwenye resori, zile springi za chini, ili gari libebe makala, yaani makaa ya kupikia, bila kuinama, na sasa, likiwa tupu, lilipiga mateke kama punda. Kwenye reli godoro liliruka, Ruphin akaruka, na meno yake yakagongana hata akauma ulimi. Alishuka akitema damu.

"Papa," Kazadi alisema, "gari tupu haina adabu. Acha kwanza tupakie. Nikiweka magunia ya makala chini, godoro juu yake, itatulia. Mama atalala vizuri."

Huo ulikuwa mwaka ambao kila aliyekuambia neno zuri alikuwa na gunia lake nyuma ya mgongo. Mwenye duka alipunja kibaba, mwenye kibaba alichanganya unga na chokaa. Ruphin mwenyewe, tangu kazi ya machimbo ya Kakontwe ilipokufa, alikuwa ameuziwa sementi iliyochanganywa na majivu, naye akaiuza hivyohivyo. Kwa hiyo hakusikia habari ya resori. Alisikia mtu anayetaka kulipwa safari moja na kuuza makala juu ya safari hiyohiyo. Na zaidi aliona picha: Élisabeth, aliyepiga pasi kitambaa chake hata siku za kazi, akiingia Lubumbashi juu ya magunia meusi kama mwanamke aliyeokotwa.

"Bibi yangu hapana gunia," alisema.

"Sikusema ni gunia."

"Ulisema nimulaze na magunia."

Kazadi alimtazama, akafunga mlango wa nyuma wa gari. "Basi. Mungu amusaidie mama."

Nyumbani Élisabeth alikuwa amelala upande, magoti kifuani. Dada mmoja wa kanisa alimpepea.

"Umepata?" Élisabeth aliuliza.

"Nimepata. Ya Germain. Nimelala mwenyewe ndani, ni kama maji."

"Umelala mwenyewe?" Alitaka kutabasamu. "Mutu muzima na aibu hana."

Waliondoka alfajiri. Mwanzo ilikuwa kama alivyomwahidi. Peugeot ilimbeba taratibu, naye Ruphin, amekaa kando yake, akishikilia kichwa cha mkewe, alihesabu kila shimo lililopita bila kumtoa sauti kuwa ni shukrani. Walivuka daraja la Lufira, jua halijawa kali. Wanawake wa ziwa la Tshangalele walikuwa wamepanga samaki wakavu kando ya njia. Élisabeth aliuliza kama ni wakubwa. Akamwambia ni wakubwa, watanunua wakati wa kurudi.

Huko mbele, kabla ya Lwisha, harufu ya chuma cha moto iliingia chini ya turubai. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likatoa mvuke, likanyamaza. Germain alishuka, akafungua boneti, akarudi nyuma akipeperusha mkono ulioungua.

"Ni maji tu. Tungoje ipoe."

Walingoja. Germain aliteremka bondeni na ndoo, akarudi, akapaka sabuni penye tundu lililokuwa likivuja, akamimina. Maji yalitoka chini kama yalivyoingia juu. Akapaka tena. Injini ilipowaka ilikohoa maji meupe kwenye bomba la moshi, ikafa. Germain alikaa kwenye majani, mikono imetapakaa sabuni, akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo, kisha akauacha.

Lori moja lilipita. Ruphin alisimama katikati ya barabara na mikono juu, nalo likamzunguka kupitia majani bila kupunguza mwendo. Katika njia ile watu hawakuwa wakisimama tena kwa ajili ya mtu yeyote. Aliyekuinulia mkono aliweza kuwa na mgonjwa, au na bunduki.

Jua lilipanda. Kisha, ndani ya gari lile lisilotikisika hata kidogo, Élisabeth alipiga ukelele mmoja, akashika kola ya mumewe. Baada ya hapo maumivu yakamwachia. Uso ukalegea.

"Imepungua," alisema, kama anayeshangaa. "Ruphin, imepungua kweli."

Ruphin alimshukuru Mungu kwa sauti. Hakujua. Angeambiwa na nani?

Toyota ilitokea saa sita, imefungwa magunia ya makala, wanawake wawili juu. Kazadi hakungoja kuinuliwa mkono. Alisimama, akashuka, akatazama Peugeot, akamtazama Germain, na la jana hakuligusa. Alipanda juu, akatupa chini magunia ya tabaka la juu, akalaza mengine yakawa sawa kama sakafu.

"Leteni godoro," alisema. "Muinue kwa shuka, hapana kwa mabega."

Wakamlaza Élisabeth juu ya makala. Mmoja wa wale wanawake alichukua kichwa chake mapajani bila kuombwa, akamkinga jua kwa kanga. Magunia yaliyotupwa yalibaki majanini kwa Germain, ayalinde pamoja na gari lake bovu.

Ruphin alipanda akikaza mwili kupokea mateke. Mateke hayakuja. Chini ya uzito ule vile vyuma vya ziada vilikuwa vimeinama na kutulia, na gari lilipita kwenye mashimo likishuka na kupanda pole, bila haraka na bila kuchoka. Hata Peugeot haikuwa imekwenda hivi.

Élisabeth alifungua macho. "Hii ni ya nani?"

"Ya Kazadi."

"Inatembea kama mama mwenye mutoto mugongoni." Aligusa gunia chini yake. "Sababu gani hatukuanza na hii?"

"Ilikuwa haina mizigo," alisema Ruphin.

Élisabeth hakuelewa, akaona ni mzaha, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akalala. Mashavu yake yalikuwa na vumbi la makala, na kila alipojaribu kulipangusa Ruphin alizidi kulipaka, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa myeusi.

Lubumbashi walifika jua bado lipo. Daktari alikuwepo, uzi ulikuwepo. Lakini alipotoka kule ndani, alimwuliza Ruphin maumivu yaliisha saa ngapi. Ruphin alipomwambia, daktari alitikisa kichwa. Pale ndipo palipopasuka, alisema, na sumu imetembea mwilini tangu pale. Wangefika asubuhi, alisema, halafu akaona uso wa mtu aliye mbele yake, akaliacha neno njiani.

Élisabeth alikufa siku iliyofuata, kengele ya misa ya kwanza ikilia.

Kazadi alikuwa ameuza makala yake na angeweza kwenda zake. Ruphin alimkuta nje ya ukuta wa hospitali, amekaa kwenye ngazi ya gari, anakula muhogo. Aliposikia, aliufunga ule muhogo kwenye karatasi, akauweka mfukoni.

"Tutamurudisha mama nyumbani," alisema. "Gari iko tupu."

"Hapana," Ruphin alisema. "Tupakie kwanza mizigo."

"Papa, muntu gani atapakia bunga yake ya kula pamoja na maiti?"

"Hata hivyo tupakie."

Kazadi alitaka kumwambia kwamba aliyekufa hasikii mashimo. Ilionekana mdomoni mwake. Badala yake aliwasha gari wakaenda penye nyumba isiyomalizika ambayo mwenye kuijenga alikuwa ameikimbia, na humo kulikuwa na rundo la mchanga. Walijaza mchanga katika magunia yaliyokuwa ya makala, wawili hao, wakibadilishana koleo. Ruphin alipanda mara kwa mara akasimama nyuma ya gari, akaruka kwa miguu yote miwili kusikiliza resori. "Bado," alisema. Wakajaza mengine. "Bado." Mpaka gari likainama.

Ndipo wakaweka jeneza.

Walipopita Lwisha, waliikuta Peugeot palepale. Germain alitoka chini ya turubai, akaona lile jeneza, akavua kofia na kuikunja mpaka ikawa kama kitambaa. "Yaya Ruphin," alisema, akimwita kaka mkubwa, "yaya, nisamehe."

"Panda," Ruphin alimjibu. "Na magunia ya Kazadi pandisha. Tunataka uzito."

Germain alipandisha magunia, akapanda, akakaa juu ya mchanga. Kule wanawake wa samaki walipo, hakuna aliyesema wasimame.

Waliingia Likasi mchana, na mtu wa kwanza kuwaona alikuwa Mama Philomène, pale pembeni mwa reli. Kazadi alipunguza mwendo. Gari lilizama kwenye chuma cha kwanza, likainuka, likazama kwenye cha pili, likainuka, na Ruphin, kiganja juu ya ubao, hakusikia kitu kikigonga humo ndani.

Mama Philomène alikuwa amesimama na kijiko chake cha mafuta. Hakupiga yowe. Alitazama jeneza, akamtazama Ruphin, akangoja kidogo, kama anayetazamia mtu ainuke, apate kumtukana tena. Hakuna aliyeinuka. Ndipo akaweka kijiko chini, akafungua kitambaa cha kichwa.