Boda ya Meno

Kabla ya kufungiwa ndani ya waya, Habibo hakujua kama meno ya mtoto yanaweza kuoza. Malishoni kila mtu alishinda na kijiti cha mswaki mdomoni na maziwa ya ngamia tumboni. Halafu serikali ikawaswaga kambini nje ya Garissa kama mbuzi wa mnada, eti wasiwalishe mashifta, waasi wa porini. Ngamia wakapigwa risasi. Askari wakafyeka miti yote ya miswaki kuzunguka waya wapate kuona mbali, na watoto wakawa wanashindia chai ya sukari. Sasa Nurto, bintiye wa miaka sita, shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefumba.

Habibo akamtengenezea dawa mwenyewe: mkaa aliousaga ukawa laini, na chumvi ya mawe aliyoipata kwa kutoa shanga zake za harusi. Akautia unga huo kwenye kopo la majani ya chai. Kila asubuhi, wanawake wakisindikizwa na askari kwenda mtoni, alitoka na kopo akamsugua Nurto huko kwa kidole, na siku ya nne uvimbe ulianza kupungua.

Siku ya tano langoni palikuwa na koplo mgeni. Akamnyang'anya Habibo kopo, akalifungua.

"Hii ni nini?"

"Boda," alisema Habibo. Neno poda alifundishwa na mke wa karani wa kambi, ila ulimi wake wa Kisomali haukuwahi kukutana na p. "Boda ya mtoto."

Koplo alikuwa mtu wa Busia, na kwao boda ni mpaka tu, pale watu wanapovukia kwenda Uganda. Akaunusa ule unga mweusi.

"Baruti hii. Unaipeleka boda?"

"Eeh, boda," alisema Habibo, akifurahi kwamba wameelewana.

Askari wakamkalisha juani yeye na mtoto wake mgonjwa hadi adhuhuri, bunduki ikiwaelekea. Nurto alilia mpaka sauti ikakauka. Ndipo alipofika Kulow, mkalimani.

"Afande, anasema poda. Ya meno."

Koplo hakuamini. Akaumwaga unga wote kwenye moto wa chai ya askari, akaruka nyuma. Moto ukafifia kidogo, basi. Askari wakacheka wakishika mbavu, koplo mwenyewe pia. Kulow naye akacheka, Msomali mwenzake, na hilo lilimchoma Habibo kuliko jua.

Koplo akamrudishia kopo tupu. "Mama, siku nyingine sema vizuri. Po. Poda."

"Abaayo, dada yangu, shukuru twende," Kulow alimnong'oneza.

Habibo hakushukuru. Alikuwa na hasira ya kumtosha mwaka mzima, na Kiswahili cha kusemea hasira hiyo kilikuwa kidogo.

"Boda mimi siwezi kusema," alimwambia koplo. "Mswaki naweza kusema fizuri. Mswaki. Umesikia?" Akanyoosha kopo kuelekea visiki vya miti ya miswaki vilivyotapakaa nje ya waya. "Sasa wewe nibe mswaki yangu."

Koplo aliacha kucheka. Nurto alikuwa ameshika shavu kwa mikono miwili.