Sofa la Mama Noreen

Jumamosi ile Kelvin alikuja kumchukua mume wangu, Darryl, wakavamie baa moja yenye mashine za kamari. Darryl hakutaka kwenda. Aliniambia hivyo jikoni kwa mama yake, akinong'ona huku bomba likimwaga maji, lakini katika ukoo wa Tranter hakuna aliyewahi kumkatalia kaka mkubwa. Baba yao pia hakumkatalia kaka yake, akafia gerezani.

Bunduki zilikuwa gereji, ndani ya sofa kuukuu. Kelvin alizishonea humo kwa siri, maana tangu amzike mumewe Mama Noreen hataki silaha nyumbani kwake, na huyo ndiye mtu pekee anayemtetemesha Kelvin.

"Mama, sofa liko wapi?" Kelvin aliuliza kutoka gereji.

"Nje. Manispaa inazoa vitu vikubwa, mtaa mzima umetoa. Vijana wa jirani wamenibebea. Linanuka panya."

"Sofa la baba!"

"Baba yako alilichukia. Kaa ule mayai."

Kelvin akatoka mbio, mimi nyuma yake. Mbele ya kila nyumba, kwenye nyasi, palikuwa na rundo: magodoro, baiskeli zisizo na magurudumu, mti wa Krismasi wa plastiki. Lori lilikuwa limeshafika kwetu. Darryl, aliyekuwa ametoka mapema, alikuwa hatua chache kutoka hapo, anavuta sigara, na wazoa taka wawili walikuwa wamelishika sofa huku na huku.

"Shusheni!" Kelvin alipiga kelele. "Kuna... kuna rimoti ya tivii humo!"

Mmoja wao akacheka. "Nunua nyingine, kaka. Ingawa kwa unavyoonekana, hata tivii yenyewe hukuinunua."

"Rimoti gani?" Mama Noreen alikuwa ametoka na mwiko wake mkononi. "Kelvin, umeweka nini kwenye sofa langu?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Hakuna?"

"Hakuna kabisa." Akamgeukia mdogo wake, macho yamemtoka. "Darryl! Waambie waliache!"

Mzoa taka akamtazama mume wangu. "Vipi, bosi? Twende nalo au tuliache? Bado tuna mtaa mzima."

Darryl alimtazama kaka yake, kisha akanitazama mimi. Sikuthubutu hata kupepesa macho.

"Takataka tu hiyo," alisema. "Lichukueni."

Sofa likatupwa ndani. Meno ya chuma ya lori yakashuka, mbao zikalia, kisha kitu kigumu kikagoma. Mzoa taka akakunja uso, akabonyeza kitufe tena. Kikapondeka.

Kelvin akamkwida Darryl shati. "Unajua umefanya nini, mjinga wewe?"

"Najua. Na ukipata nyingine, usinipigie simu."

Nilisubiri ngumi. Lakini mama yao alikuwa amesimama palepale, na Kelvin angemweleza kwamba wanapigania nini? Akamwachia shati, akaingia kwenye gari lake, akaondoka kwa kasi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Mezani Darryl alikula mayai yake, ya Kelvin, na soseji zote. Tangu katikati ya wiki alikuwa hamezi kitu zaidi ya chai.

"Raelene, mkwe wangu," Mama Noreen akasema, akimwangalia mwanawe akipangusa sahani kwa mkate, "huyu ana minyoo?"

Nilicheka mpaka nikashikilia meza.