Homa ya Alasiri

Kabla daktari hajapita, Dama alikuwa amekwisha kumfuta bintiye, Kache, mwili mzima kwa leso iliyoloweshwa maji baridi, akammezesha na panadol. Ndivyo walivyofanya jamaa wote waliouguza wagonjwa wa wodi ile. Ukimwacha mgonjwa wako ananuka jasho, Sista Everline, muuguzi wa wodi, atakusema mbele za watu mpaka ujute kuzaliwa. Basi kila asubuhi daktari alikuta wagonjwa safi, wamepoa, akajisifu moyoni kwamba anajua kazi.

Kache alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Tangu juzi, adhana ya alasiri ikishapita, meno yalimgongana, mwili ukawaka moto na kidonda kikampwita chini ya bandeji. Kukikaribia kucha jasho lilimtoka, homa ikashuka. Na alasiri hakukuwa na daktari wa kuona hayo. Daktari Tobias wakati huo alikuwa Diani, kwenye kliniki yake mwenyewe, akiwatibu wenye nazo.

"Shikamoo, daktari," alisema Dama.

Daktari hakuinua macho. Alikuwa akitazama kipimajoto. "Huyu ako sawa. Aende nyumbani, tunataka kitanda."

"Homa humshika alasiri, baba. Mngoje umuone, tafadhali."

"Mama, mimi natibu kile naona. Wewe ulisomea udaktari wapi?"

Sista Everline akacheka. Dama aliona haya, kisha akashikwa na hasira. Hapo ndipo alipong'amua alichokuwa akikifanya kila alfajiri.

"Amepoa kwa sababu nimemfuta kwa maji ya baridi! Na panadol nimempa!"

"Vizuri sana," alisema daktari, akisogelea kitanda cha pili. "Usafi ni muhimu."

Wakatolewa. Walikaa kwenye benchi la langoni kumngoja Garama, mume wa Kache, aje na bodaboda kutoka Mkongani. Adhana ya alasiri ilipopita, Kache alianza kutetemeka. Bandeji ililowa usaha, na harufu yake ikamfanya bawabu Menza ageuze uso.

"Turudishe ndani, mwanangu," Dama alimsihi Menza.

"Ameshatolewa, mama. Siwezi. Kliniki ya vidonda ni kesho asubuhi."

"Asubuhi atakuwa amepoa! Mbona hamsikii nyinyi?"

Gari la daktari likatokea, siku hiyo kwa kuchelewa, likielekea Diani. Dama alimwinua Kache, akamburura hadi katikati ya njia, gari likafunga breki, akamlaza juu ya boneti. Kisha akagonga kioo kwa kiganja.

"Haya, mguse! Mguse sasa!"

Daktari alishusha kioo kidogo, upana wa vidole viwili. Hewa baridi ya ndani ya gari ikampiga Dama usoni.

"Mama, nimechelewa. Wagonjwa wananingoja."

Akapandisha kioo. Kache alikuwa ameegemeza shavu kwenye boneti, macho wazi. Menza alimshika Dama mkono, akamvuta. Dama hakusogea.

Daktari akapiga honi.