Moto wa Kuhamia

Obiero si mtu wa kulala mchana, hilo mlijue mapema, na leo ndiyo kabisa hakuja kulala. Amekuja kukagua. Ziwa limekula boma lake huko kwao, nyumba, shamba la mtama, hata kaburi la mamake, na wanawe wawili wanalala barazani kwa dada ya mkewe, ambaye ameanza kununa. Basi asubuhi amewaacha watoto huko, akapanda basi na mkewe Apondi hadi kaunti hii ya mbali ambako wanasema ardhi ipo ya kumwaga. Ameufinyanga udongo mkononi, ameuonja, amechungulia korongo kama lina maji, ameulizia soko na zahanati. Apondi anamwambia tu, Baba Ajwang', mimi nimechoka kukaa kwa watu, utakaposema ni hapa, ni hapa. Mzigo wote huo anamtwika mume, na mume anaketi kwenye nyasi apumzishe goti. Anafumba macho kidogo. Kidogo tu, ati.

Anapoyafumbua amesimama barabarani, barabara nyekundu isiyo na kona, na Apondi hayupo. Anatembea, anafika sokoni, kinyozi, duka la mbegu, hoteli yenye pazia la bluu. Anapita, anatembea, anafika sokoni, hoteli yenye pazia la bluu, duka la mbegu, kinyozi, soko lilelile limegeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo. Hakuna mtu, ila chai inafuka mvuke mezani. Halafu mtu yupo ubavuni mwake, kavaa koti la mvua, na pale penye uso hapana kitu, pamelainika kama kiganja. Obiero anataka kukimbia, lakini kalelewa kwa adabu, anasalimia. Shikamoo mzee. Marahaba, umekuja kutuangalia. Nimekuja kuangalia ardhi. Haya, uliza. Maji yapo? Yapo, ukiyafuata yanahama. Udongo unazaa? Unazaa, ila hausemi umezaa nini. Na majirani? Majirani wote walikuja kukagua kama wewe. Wako wapi sasa? Hawajamaliza. Obiero anajiambia, huyu mzee ana maneno mengi na majibu machache.

Mzee anainama, anaokota kigae cha chungu chenye makaa mekundu. Nishikie kidogo, anasema, na Obiero anapokea. Hapo ndipo anapokosea, maana kwao hata mtoto anajua kwamba mahali panapokaguliwa hapaingizwi moto. Unakwenda na chakula kilichopoa, unakula, unarudi kwenu ukafikirie. Moto ukishatuliwa juu ya ardhi ngeni, pale pamekuwa boma lako, na boma haliachwi hivi hivi. Ndiyo sababu Apondi leo amebeba viazi vya jana. Lakini mtu mzima kaomba msaada, mkono umeshapokea kabla kichwa hakijafikiri. Ukichoka, tua, anasema mzee, naye hayupo tena.

Basi anatembea na moto wake. Boma baada ya boma, geti, ua, mafiga, na kila mlangoni kasimama mtu mwenye uso laini, kigae kitupu mkononi, anamtazama bila macho. Vidole vinamuungua. Kuutupa hathubutu, akiutupa si ndiyo utakuwa umetua? Kwenye boma la mwisho anamwona Apondi ameinama anapanga mafiga, mgongo ni wake, leso ni yake. Mama Ajwang', twende nyumbani. Nyumbani wapi, anauliza, pale wanapolala samaki? Tua hapa, umechoka. Sitaki. Watoto wanalala kwa watu, anasema, na hamna lawama katika sauti yake, na hilo ndilo linalomuumiza Obiero. Anaogopa. Lakini nisiwafiche, kuna upande wake unaotaka, umechoka kweli, na mikono inaanza kushuka yenyewe. Apondi naye anaanza kugeuka. Usigeuke, Obiero anamwambia, tafadhali usigeuke.

Jua lilelile, nyasi zilezile, goti linamuuma. Anashusha pumzi, anakaribia kucheka, halafu anasikia harufu ya moshi. Apondi amechuchumaa, amempa mgongo, anapuliza moto katikati ya mawe matatu. Mama Ajwang', nani kakuambia uwashe moto? Si wewe, anajibu bila kugeuka, umesema usingizini, tua hapa. Na moto wenyewe umeutoa wapi? Kwa jirani. Jirani gani? Alipita akanigawia, watu wa huku ni wema. Obiero anajifinya paja, anasikia maumivu, lakini na vidole pia vilimuuma kule. Niangalie, Apondi. Subiri, moto utazima. Niangalie kwanza.

Kabla hajajibu, barabarani, nyuma ya Obiero, sauti inaita, Baba. Ni Ajwang'. Na mdogo wake yuko naye, anacheka kile kicheko chake cha kwikwi, wao ambao asubuhi wamebaki mbali, safari nzima ya basi kutoka hapa. Wamefika, anasema Apondi, geuka uwapokee wanao, tumeshahamia. Obiero amekaza macho kwenye nyasi zilizo mbele yake. Anasikia nyayo ndogo zikija mbio kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, anaomba wasimfikie.